Askari Aliyefundishwa na Mwanawe

Wazee walinena kwamba samaki hukunjwa angali mbichi, kwa maana akishakauka hakunjiki, ila huvunjika. Maneno hayo hutumiwa aghalabu na wazazi wanapotaka kuwanyosha watoto wao, na askari, waliozoea amri na utii, huyapenda kupita watu wengine. Ni nadra mzazi kujiuliza kama yeye mwenyewe si yule samaki aliyekwisha kukauka. Hiki ni kisa cha baba mmoja aliyelazimika kujiuliza swali hilo akiwa na umri wa miaka 52, tena katika uwanja wa mchezo ambao hapo kwanza aliuona kuwa ni wa kitoto.

Baba huyo alizaliwa kando ya Ziwa Tanganyika, akawa askari wa doria ya ziwani katika mji wa Uvira. Vita vilipouingia mji huo mwezi wa Oktoba 1996, alivuka ziwa pamoja na mkewe, nao wakaishi miaka mingi katika kambi za wakimbizi. Mtoto wao wa mwisho, wa kiume, alizaliwa kambini mwaka 2008. Mwaka 2014 jamaa hiyo ilipokewa nchini Ufini, ikapewa makao katika mji wa Tampere, mji wa viwanda uliojengwa kati ya maziwa mawili. Baba alipata kazi ya kusafisha majengo usiku, na mama akapata kazi ya kuwatunza wazee. Kijana aliingia shule, na baada ya miaka michache akawa anasema Kifini kama mzawa wa nchi.

Hapo ndipo taabu ilipoanzia. Kadiri Kifini kilivyoingia kinywani mwa kijana, ndivyo Kiswahili kilivyotoka. Baba aliuliza jambo kwa Kiswahili, kijana akajibu kwa Kifini. Na kwa kuwa baba alielewa nusu tu ya maneno, nusu iliyobaki aliijaza mwenyewe kwa dhana kwamba anadharauliwa. Mtu aliyezoea kupigiwa saluti huumia sana anapojibiwa kwa kunyanyua bega.

Usiku mmoja wa majira ya kuchipua ya mwaka 2023, kijana alirudi nyumbani amechelewa, begi likiwa mgongoni. Baba alimwuliza alikokuwa. Kijana akajibu neno moja na kutaka kupita. Mkono wa baba uliondoka bila kuomba ruhusa ya kichwa: ukampiga usoni kwa mgongo wa kiganja. Begi likaanguka, na ndani yake vikatoka visahani vya plastiki vya rangi nyingi, vikabingiria sakafuni hadi chini ya meza. Kijana hakulia wala hakusema neno. Aliinama, akaviokota kimoja kimoja, akavirudisha katika begi, akafungua mlango na kutoka. Alilala kwa rafiki yake siku mbili.

Nchini Ufini sheria inayokataza kuwapiga watoto, hata na wazazi wao, ilianza kutumika mwaka 1984. Haikupita wiki akaja mama mmoja wa ustawi wa watoto. Baba alimngoja kama mtuhumiwa anayengoja hukumu, amevaa shati lake bora. Lakini mama yule hakukaripia. Alikunywa chai aliyopewa, akaeleza sheria kwa upole kwa msaada wa mkalimani, kisha akauliza swali moja: "Mwanao hupenda nini?"

Askari aliyezoea kuwahoji watu siku hiyo alihojiwa yeye, akakosa jibu.

Mgeni alipoondoka, mkewe alimwambia, "Baba watoto, ukitaka kumjua mtu, nenda anakokwenda. Mwanao anapenda vile visahani vyake. Kila siku yuko msituni anavirusha, nawe hujawahi kuuliza anavirushia nini."

Jumamosi iliyofuata alikwenda.

Mchezo wenyewe huitwa gofu ya visahani. Badala ya mpira na fimbo, mchezaji hurusha kisahani kutoka mahali palipowekwa alama hadi kwenye kikapu cha chuma kilichosimamishwa juu ya mlingoti, chenye minyororo inayoning'inia ili kukizuia kisahani kisipite. Atakayemaliza vikapu vyote, ambavyo kwa kawaida ni 18, kwa mitupo michache kuliko wenziwe ndiye mshindi. Viwanja vingi vya Ufini viko katika misitu ya miji, wala mtu hatozwi kitu kuingia. Maskini na tajiri huchezea mahali pamoja, na hiyo ndiyo sababu moja kwa nini mchezo huo umeenea sana katika nchi hiyo.

Kisahani hicho kina historia ambayo askari anaweza kuipenda. Aliyekibuni ni Mmarekani Walter Frederick Morrison, ambaye kabla ya vita alikuwa akiuza vyombo vya kuokea keki katika fukwe za California kwa ajili ya kurushiana. Katika Vita Vikuu vya Pili alikuwa rubani wa ndege za kivita. Aliporudi akaunda kisahani cha plastiki kilicho bora zaidi, na mwaka 1957 kampuni ya Wham-O ikaanza kukiuza. Mmarekani mwingine, Ed Headrick, ndiye aliyeanzisha uwanja wa kwanza wa kudumu wa gofu ya visahani mwaka 1975, katika bustani ya Oak Grove huko California, kisha akabuni kikapu chenye minyororo. Alipofariki mwaka 2002, majivu yake yalichanganywa katika plastiki ya visahani, kama alivyokuwa ameagiza.

Baba hakuyajua hayo siku aliyofika uwanjani. Alichokiona ni vijana wanne, mwanawe mmojawapo, wakirusha visahani vilivyokwenda vikielea juu ya nyasi kama ndege wa ziwani. Vijana walimwamkia kwa adabu. Mwanawe alitazama chini. Baba alisema kwamba naye anataka kujaribu, na baada ya kimya kirefu akapewa kisahani.

Alikishika kama mtu anayeshika jiwe la kumfukuzia mbwa. Akapeleka mkono nyuma, akarusha kwa nguvu zote alizokuwa nazo. Kisahani kilipanda juu kama kinachotaka kufika mawinguni, kikasimama angani kitambo, kisha kikaangukia upande wa kushoto, hatua ishirini tu kutoka aliposimama. Akarusha cha pili kwa nguvu zaidi. Hicho kikaanguka karibu zaidi. Akarusha cha tatu, bega likalia. Vijana hawakucheka, na kutocheka kwao kulimchoma kuliko kicheko.

Mwanawe alisogea. Alionekana anatafuta neno, kwa kuwa jambo alilotaka kulisema alilijua kwa Kifini tu. Mwishowe akalipata la Kiswahili.

"Baba," akasema, "usipige."

Wote wawili walilisikia neno hilo kwa maana zake mbili. Hakuna aliyesema kitu. Kijana akaokota kisahani, akasimama mbele ya babake, akaanza kumwonyesha.

Mafundisho aliyoyatoa kijana huyo yanafaa kuelezwa kwa utaratibu, kwa maana ndiyo msingi wa kurusha kwa mgongo wa mkono, nayo yanamfaa yeyote anayeanza.

Kwanza ni kusimama. Mrushaji wa mkono wa kulia hasimami akikabili kikapu kifua kwa kifua, bali husimama ubavu, bega la kulia likielekea kikapu, miguu ikiwa imetengana kiasi cha upana wa mabega na magoti yamelegea kidogo. Pili ni kushika. Dole gumba hukaa juu ya kisahani, na vidole vinne hukunjwa chini hadi vikaugusa ukingo wa ndani. Mkono usibane mno tangu mwanzo; kiganja kilichobana kabla ya wakati hukaza mkono wote mpaka begani, na mkono uliokaza ni mkono wa pole. Kubana hasa huja mwishoni, kisahani kinapokaribia kutoka.

Tatu ni kupeleka kisahani nyuma. Hapa wengi hukosea. Mkono haupaswi kuzunguka mwili kama mtu anayejikumbatia. Hunyoshwa kuelekea upande wa pili wa kikapu, na mabega pamoja na kiuno hugeuka nao. Mrushaji huachana kwa nukta moja na kukitazama kikapu. Nne, na hili ndilo kubwa kuliko yote, uzito wa mwili huhama kutoka mguu wa nyuma kwenda mguu wa mbele, na mguu wa mbele hutua imara kabla mkono haujaanza kuvuta. Ndipo kiuno hugeuka, mabega yakafuata kiuno, na mkono ukafuata mabega. Kiwiko hutangulia, kisahani kikapita karibu na kifua katika mstari ulionyoka, kisha sehemu ya mkono iliyo mbele ya kiwiko hufyatuka, na kiganja kikafuata. Mkono ni wa mwisho kufika. Mwenye kuuanza mtupo kwa mkono amekwisha kuupoteza.

Tano ni pembe. Ukingo wa mbele wa kisahani ukiinuka, upepo huingia chini yake, kisahani hupanda, hupoteza mwendo na kuanguka. Hivyo ndivyo visahani vitatu vya baba vilivyofanya. Ukingo huo yafaa uwe sawa na njia ya mtupo, au uinamie mbele kidogo. Sita, kisahani kikishatoka, mwili usizuiwe; uachwe ugeuke mpaka umalize, na mguu wa mbele uzunguke juu ya kisigino, ili goti lisiumie.

Kijana alieleza vilevile kwamba kinachokifanya kisahani kiende mbali si nguvu peke yake bali ni mzunguko wake. Jambo hilo baba alilielewa upesi, kwa kuwa alikuwa amefundishwa jambo la namna hiyo akiwa kuruta: mtutu wa bunduki una mifereji ndani yake ili risasi itoke ikizunguka, isije ikapinduka angani. Kisahani nacho hufuata kanuni iyo hiyo. Mzunguko unapopungua mwishoni mwa safari, kisahani kilichorushwa hivyo kwa mkono wa kulia hushuka kikielekea kushoto, na mchezaji hodari hulihesabia hilo tangu mwanzo. Baba aliposema habari ya mtutu, kijana alimtazama kwa mara ya kwanza siku hiyo. Hakuwa akijua kwamba babake anaweza kulijua jambo la namna hiyo.

Lakini kuelewa ni jambo moja na kutenda ni jingine. Kiangazi chote baba alirusha kwa bega. Akili ilikubali, mwili ukakataa. Ilipofika Agosti bega lilikuwa limevimba, hata kusukuma ufagio kazini ikawa shida, akalazimika kupumzika wiki tatu. Mkewe alimkanda kwa maji ya moto na kumwambia kwamba askari aliyeponea risasi sasa atauawa na sinia. Kijana, kwa upande wake, alimwekea sharti alilokuwa amewekewa naye alipoanza: asikimbie kabla ya kurusha, asishike visahani vizito vya mwendo mkali, bali arushe akiwa amesimama, kisahani kimoja chepesi, nusu ya nguvu. Baba alitii. Kutii amri ya mtoto wa miaka 15 hakukuwa jambo jepesi kwake. Usiku, akipiga deki katika majengo matupu, alikuwa akilitafakari.

Majira ya baridi yalipofika, jua likawa linaonekana saa chache tu kwa siku, alifanya mazoezi katika ukumbi wa nyumba kwa taulo, polepole, bila kurusha kitu: mguu, kiuno, bega, kiwiko, kiganja. Mguu, kiuno, bega, kiwiko, kiganja. Mkewe alipita na vyombo vya chakula akimkwepa.

Jioni moja ya mwezi wa Februari 2024 alisimama ghafula katikati ya zoezi. Mwili ulikuwa umekumbuka jambo. Akamwita mwanawe, akamweleza kwamba huko Uvira boti ya doria ilikuwa na injini ya kuwashwa kwa kamba, tena injini kongwe, yenye ukaidi. Askari wapya walikuwa wakiivuta kwa mkono mtupu, wakatoka jasho, injini isiwake. Mkuu wa boti aliwafundisha kusimama ubavu, kukanyaga imara, kulegeza bega, kisha kugeuka kwa kiuno na kukitanguliza kiwiko, kamba ikapita karibu na kifua. Ukifanya hivyo injini hunguruma kwa mvuto mmoja. Baba aliyafanya maungo yale pale ukumbini, kamba isiyokuwapo ikiwa mkononi. Yalikuwa ndiyo yale yale.

Kijana aliangalia, akamwambia arudie. Akarudia. Kisha kijana akauliza swali ambalo hakuwa ameliuliza katika miaka yote ya maisha yake: "Mlikuwa mnakwenda wapi na hiyo boti?"

Usiku ule waliketi hadi saa saba. Baba alisimulia habari za ziwa, za wavuvi wa dagaa na taa zao usiku wa giza, za dhoruba, na za asubuhi ya mwaka 1996 alipoivuta kamba ile kwa mara ya mwisho, mkewe akiwa amejikunyata ndani ya boti. Alisimulia kwa Kiswahili chepesi, na kila kijana alipokwama, mama aliongeza neno la Kifini kutoka jikoni. Theluji ilipoyeyuka, kisahani cha kwanza cha baba kilikwenda hatua sitini, chini chini, kimenyooka, na bega halikulia.

Isidhaniwe kwamba tangu hapo mambo yote yalikuwa shwari. Mwezi wa Novemba mwaka huo kijana alirudi tena usiku wa manane, bila kupiga simu, naye mama alikuwa amekwisha kulia. Baba alisimama mlangoni, na hasira ile ya zamani ikapanda kama kawaida yake. Mkono ulikuwa umekwisha kuinuka alipoona kwamba kijana amefumba macho. Hakukimbia wala hakujikinga. Alifumba macho tu, akangoja, kama mtu anayeijua mvua ya kwao.

Baba aliutazama mkono wake ukiwa hewani. Akaushusha polepole. "Umekula?" akauliza. Ndilo neno pekee lililokuja.

Kijana alifumbua macho, akasema hapana. Baba akapasha chakula moto. Kwa nini amechelewa, alielezwa akiwa amekwisha kukaa mezani: basi la mwisho lilikuwa limemwacha na simu ilikuwa imezimika, naye akatembea kwa miguu katika baridi zaidi ya saa moja. Kama kofi lingetangulia, maelezo hayo yasingalitoka kamwe.

Mwaka 2025 mashindano ya dunia ya wachezaji wa kulipwa wa mchezo huo yalifanyika Ufini, katika miji ya Nokia na Tampere. Baba na mwana walikwenda kutazama pamoja. Baba aliona wanawake wembamba wakirusha visahani zaidi ya mita mia moja bila kukunja uso, wala hakuhitaji kuelezwa sababu. Aliitazama miguu yao kwanza. Njiani kurudi, mwanawe alimweleza habari za Mmarekani David Wiggins, ambaye mwaka 2016, katika jangwa la Nevada, akisaidiwa na upepo wa nyuma, alirusha kisahani mita 338. Baba alihesabu kichwani, akasema kwamba hicho ni kipimo cha kulengea shabaha kwa bunduki. Yeye mwenyewe hajavuka mita 71, nazo zilipimwa na mwanawe kwa hatua, kwa hiyo huenda ziliongezwa kidogo kwa mapenzi.

Ndugu wasomaji, wengi wetu katika nyumba za askari tumelelewa kwa mkono, na tumelea kwa mkono. Si kwamba wazazi hao walikosa mapenzi. Walijua njia moja tu ya kuyafikisha. Lakini ni vyema kutazama kile alichojifunza baba huyu msituni: nguvu inayoanzia mkononi huishia karibu, tena humwumiza mwenyewe. Aliye na mtoto asiyesema naye asingoje mgeni aje kumwuliza swali lile alilokosa jibu lake. Afuate anakokwenda mtoto wake, akubali kushikishwa kitu asichokijua, akosee mbele ya watu.

Siku hizi kijana ana kazi ndogo ya jioni, na hawana nafasi ya kwenda uwanjani ila Jumapili. Hubishana huko kama kawaida ya wachezaji, kwa lugha mbili zilizochanganyika. Baba bado huanza kwa mkono akichoka, na kisahani kikipanda juu na kusimama, mwanawe humwambia kutoka nyuma, "Baba, kamba ya boti." Naye hukanyaga upya, akalegeza bega, akarusha tena.